Chombo cha Kutafutia Nyumba: Nasaha kwa Waundaji Wake

Miongoni mwa mambo ambayo mtu huyafanya mara moja au mbili tu katika umri wake, na ambayo athari yake humfuata yeye na kizazi chake, kununua nyumba ni katika yaliyo mbele. Mtumishi mstaafu hukitoa kiinua mgongo chake chote. Mfanyabiashara huuza shamba alilorithi. Watoto walio ng'ambo, Maskati au London, huchangishana mwaka baada ya mwaka ili mama yao apate paa lake mwenyewe Dar es Salaam au Tanga. Na fedha hiyo yote, iliyokusanywa kwa jasho na subira, huhama mikono kwa siku moja, kwa karatasi chache na ushahidi wa watu wachache. Kwa sababu hiyo, vijana wetu waundao programu, ambao sasa wameipata akili unde na wanataka imsaidie mnunuzi kutafuta nyumba, wameishika kazi yenye dhamana kubwa; na nasaha hizi zimeandikwa kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya kila atakayekitumia chombo chao, ili ajue ana haki ya kukidai nini.

Shina la nasaha zote ni moja, nalo ni hili: chombo kinachomfaa mnunuzi ni kile kinachomtenganishia bayana mambo matatu, yaani lile ambalo muuzaji amelidai, lile ambalo limethibitishwa, na lile ambalo bado halijulikani. Uzuri wa rangi, wepesi wa vitufe na ufasaha wa majibu ni mambo ya kutafutwa, na mwenye ujuzi asiyapuuze; lakini chombo chenye sifa hizo zote ambacho kinachanganya dai na hakika humfikisha mnunuzi kwenye hasara upesi kuliko angefika kwa miguu yake.

Jambo la kwanza, basi, ni kwamba mbunifu asianze na programu, aanze na watu. Aketi na madalali, awafuate wanunuzi katika safari zao za kutazama nyumba, asikilize maneno yao na ayaandike kama yalivyo. Atasikia kwamba nyumba iko Goba, ina vyumba vitatu, kimoja masta, ina sebule, jiko na stoo, fensi ipo, umeme umeingia, bei ni maelewano. Atasikia habari za pagala linalouzwa kwa sababu mwenyewe amekwama kwenye lenta. Na atasikia maswali ambayo vyombo vilivyoundwa Marekani au Ulaya havikuyafikiria kamwe. Mnunuzi wa Dar es Salaam huuliza kama gari linafika mlangoni wakati wa masika. Huuliza kama maji ni ya DAWASA au ya kisima, na kama ni ya kisima, je, yana chumvi. Huuliza nauli ya kwenda Kariakoo, na ni magari mangapi atabadilisha njiani. Na huuliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama nyumba ina hati au ina karatasi ya serikali ya mtaa tu. Maswali hayo ndiyo yawe nguzo za chombo, kwa kuwa chombo kilichonakiliwa kutoka nchi nyingine humuuliza mtu habari za banda la gari na msimbo wa posta, kikamwacha na shaka zake zote zilizomleta.

Jambo la pili ni lugha. Mwezi wa Januari mwaka 2023, kampuni ya Zillow ya Marekani ilianza kuwaruhusu watu watafute nyumba kwa kuandika sentensi ya kawaida badala ya kuchagua vichujio kimoja kimoja, na tangu hapo njia hiyo imeenea. Ni njia njema, nayo inalifaa sana taifa ambalo watu wake ni wepesi wa kueleza haja zao kwa mdomo kuliko kwa kujaza fomu. Lakini inahitaji hadhari. Chukulia mtu asemaye: nataka nyumba Mbezi, isizidi milioni themanini, mtoto anasoma Kimara, isiwe bondeni. Dar es Salaam ina Mbezi zaidi ya moja. Iko Mbezi Beach, upande wa bahari, katika njia ya Bagamoyo. Na iko Mbezi Luis, katika njia ya Morogoro, kilipo Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Na mtu anayeishi katika ya kwanza na kufanya kazi karibu na ya pili anaijua vema tofauti yake. Shule ya Kimara inaashiria Mbezi ya njia ya Morogoro, lakini ishara si yakini, na chombo chenye adabu hakikisii kimyakimya: huuliza swali moja fupi, kikapata jibu, kikaendelea.

Kisha, kabla ya kuleta nyumba hata moja, kimrudishie mnunuzi kile kilichofahamika: eneo ni hili, kikomo cha bei ni hiki, masharti ni haya, na kila sharti liwe kwenye kibandiko chake ambacho mtu anaweza kukiondoa au kukibadili kwa kidole. Hapo pia pana haja ya kupambanua sharti na pendeleo. Asemaye bei isizidi kiasi fulani ameweka mpaka, na mpaka huo usivukwe kwa kisingizio cha kumwonyesha kilicho bora zaidi. Bali asemaye ikiwezekana pawe na kisima ametamka pendeleo, nalo litumike kupanga nyumba zilizopatikana, lisitumike kuzikataa. Na ikitokea kwamba hakuna nyumba yoyote itimizayo masharti, chombo kiseme hivyo waziwazi, kieleze ni sharti lipi likilegezwa ndipo nyumba zitaonekana, na uamuzi wa kulilegeza kimwachie mwenye fedha zake.

Jambo la tatu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, nalo linatokana na tabia ya akili unde yenyewe. Mitambo hii imefunzwa kuunga maneno kwa ufasaha, na ufasaha wake haupungui pale inapokosa habari. Ikiulizwa kuhusu maji ya nyumba ambayo muuzaji hakuandika lolote juu ya maji, yaweza kujibu kwa utulivu kamili kwamba maji yapo ya kutosha. Katika mazungumzo ya kupitisha wakati, kosa kama hilo huleta kicheko. Katika biashara ya nyumba huleta kesi. Dawa yake inajulikana, nayo ni kuupa mtambo kazi mbili tu: kuyageuza maneno ya mnunuzi yawe masharti ya kutafutia katika kanzidata, na kumsimulia mnunuzi yale yaliyomo katika kumbukumbu ya nyumba husika, bila ya kuongeza. Kila sentensi ya jibu iwe na chanzo chake na tarehe yake, ili mtu akigusa neno aone limetoka kwa nani na lini. Na pale kumbukumbu ilipo kimya, chombo nacho kiseme kwamba muuzaji hakueleza lolote kuhusu jambo hilo, kisha kimwandikie mnunuzi swali la kwenda kuuliza. Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na chombo hiki kwa asili yake ni daftari. Kazi yake ya kwanza ni kutunza kilichoandikwa, na kukubali kwamba pengine pako patupu.

Hapa inapasa kutua kidogo juu ya hati, maana ndipo wanunuzi wengi waliponyang'anywa mali zao. Chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, imewekwa katika dhamana ya Rais, na raia hupewa haki ya kuimiliki kwa muda uliotajwa katika hati, usiozidi miaka 99. Kando ya hati miliki iko leseni ya makazi, ambayo hutolewa mijini kwa muda mfupi na hupaswa kuhuishwa. Iko hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo, ambayo humhusu anayetoka mjini kwenda kutafuta eneo Kisarawe, Mkuranga au Bagamoyo penye ardhi ya kijiji. Na iko karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa, ambayo hushuhudia kwamba fulani alimuuzia fulani, lakini yenyewe si hati ya kumiliki. Chombo chenye kisanduku kimoja cha kujaza, ina hati au haina, huzifungia nyaraka hizi zote katika neno moja na kumpoteza mnunuzi. Kila waraka utajwe kwa jina lake, ufafanuliwe kwa mistari miwili ya Kiswahili chepesi, na uandamane na maelezo ya namna ya kuuthibitisha.

Kwa nyumba yenye hati, njia ya kuthibitisha ni upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ambako hujulikana jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama nyumba imewekwa rehani au imewekewa zuio. Kenya, ambako mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa mwaka 2021, sehemu ya kazi hiyo hufanyika kwa njia ya mtandao. Na popote masijala ya serikali inapofungua mlango wa namna hiyo, chombo kipite humo, kisijitungie masijala yake. Pasipokuwa na mlango huo, kimwelekeze mtu ofisini na kimwambie achukue nini. Tena, uthibitisho wowote uandikwe pamoja na siku yake, kwa sababu nyumba iliyokuwa huru mwaka jana yaweza kuwa imewekwa rehani mwaka huu, na alama ya kijani isiyo na tarehe ni hadaa hata kama aliyeiweka alikuwa na nia njema.

Nyuma ya karatasi wako watu, na chombo kisiwasahau. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 59, imekataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya wanandoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Hivyo swali la kama mwenzi wa muuzaji ameridhia, na kama ridhaa hiyo imeandikwa, ni swali la lazima. Vivyo hivyo nyumba ya mirathi: mnunuzi aulizwe kama ameona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na kama warithi wengine wanaijua biashara hiyo, kwa kuwa nyumba iliyouzwa na ndugu mmoja kwa siri huzaa mashauri yasiyokwisha. Na kwa mnunuzi aishiye nje ambaye pengine amechukua uraia wa nchi nyingine, chombo kiulize habari ya uraia mapema, kabla ya kumwonyesha picha, maana sheria imeweka mipaka kwa asiye raia katika kumiliki ardhi, na jambo hilo linataka wakili. Chombo kitakachovuka bahari kwenda Unguja na Pemba kijue kwamba Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na maswali yake yabadilike pamoja na nchi.

Jambo la nne ni bei. Yako matamanio makubwa ya kuiambia akili unde itaje thamani ya kila nyumba, na mnunuzi hupenda kuisikia namba moja iliyo kamili. Lakini tuzingatie yaliyoipata Zillow hiyohiyo, yenye kumbukumbu za mamilioni ya nyumba katika nchi ambayo mauzo mengi huandikwa hadharani. Kampuni hiyo ilijiingiza katika kununua nyumba na kuziuza tena ikitegemea makadirio ya mitambo yake, na mwezi wa Novemba mwaka 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza karibu robo ya wafanyakazi wake, ikikiri kwamba kubashiri bei kulikuwa na mashaka zaidi kuliko ilivyotazamia. Ikiwa hivyo ndivyo penye kumbukumbu tele, basi kwetu, ambako bei inayotangazwa ni mwanzo wa mazungumzo na bei iliyolipwa mara nyingi hubaki kati ya wawili, uangalifu uwe maradufu. Chombo kionyeshe kiwango cha chini na cha juu cha bei zilizotangazwa kwa nyumba zinazofanana katika mtaa huo, kitaje ni nyumba ngapi zilizolinganishwa, na kieleze wazi kwamba hizo ni bei za kutangaza. Pamoja na hayo, kiikusanye mahali pamoja nyumba moja iliyotangazwa na madalali watano kwa bei tano, kwa kulinganisha picha na mahali ilipo, ili mnunuzi azione bei zote tano. Gharama zinazoandamana na mauzo nazo zitajwe mapema: ada ya dalali, ya wakili na ya mthamini, ushuru wa stempu, ada ya usajili, na kodi ya ongezeko la mtaji, na ielezwe ni ipi humwangukia muuzaji kisheria na ipi humwangukia mnunuzi.

Jambo la tano ni mahali nyumba ilipo. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao na shule za watoto wao. Ramani ya mito, mabonde na miinuko ni kitu ambacho mtambo hukisoma upesi kuliko binadamu, nao uisome kwa faida ya mnunuzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari. Basi nyumba yoyote iliyo karibu na mpaka huo ipewe onyo linaloonekana, na umbali uliopimwa uandikwe. Picha nazo zina majira yake. Barabara iliyopigwa picha mwezi wa Septemba hupendeza, na barabara hiyohiyo mwezi wa Aprili yaweza kuwa mfereji. Kwa hiyo chombo kitaje mwezi wa kila picha, na kimtake muuzaji alete picha ya njia wakati wa mvua, na kama hakuileta, hilo nalo lisemwe.

Jambo la sita ni insafu. Akili unde hujifunza kwa kuyatazama yaliyopita, na yaliyopita yana dhuluma zake. Ikiona kwamba watu wa dini au asili fulani walizoea mtaa fulani, itawapeleka wenzao hukohuko na kuwaficha nyumba za kwingine, bila ya mtu yeyote kuamuru hivyo. Marekani, ambako weusi walizuiliwa kwa miongo mingi kununua nyumba katika mitaa ya weupe, sheria ya mwaka 1968 ilikataza ubaguzi huo pamoja na tabia ya kuwaelekeza wanunuzi mitaa kwa kutazama rangi zao. Na kwetu Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza ubaguzi wa namna hiyo. Basi jina, kabila na dini visiwe katika mizani ya kuchagua nyumba, na mwanamke anunuaye kwa jina lake asiulizwe habari za mume ikiwa mwanamume haulizwi habari za mke. Hali kadhalika, nyumba iliyopandishwa juu kwa sababu mwenyewe amelipia tangazo iandikwe hivyo kwa herufi zinazosomeka, maana anayetafuta kwa nia safi hudhani kwamba kilichotangulia ndicho kinachomfaa.

Pamoja na insafu huenda amana. Mnunuzi hukiambia chombo siri ambazo hangemwambia jirani: ana fedha kiasi gani, anataka kuhama kwa sababu gani, ana watoto wangapi. Kikomo cha bei alichokitaja kikimfikia muuzaji, mapatano yamekwisha kabla ya kuanza, kwa kuwa bei itapanda mpaka kwenye kikomo hicho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu kwa kila anayekusanya habari za watu, lakini mbunifu mwadilifu atakwenda mbele ya sheria: atachukua machache, atayaficha, na atampa mwenyewe uwezo wa kuyafuta.

Juu ya wepesi wa matumizi maneno yatakuwa machache, kwa kuwa mafundi wengi wanaujua. Chombo kifunguke katika simu ndogo na kwa bando dogo, maandishi yatangulie na picha zije zikiitwa. Kipokee sauti, ili bibi asiyezoea kuandika aseme haja yake kwa Kiswahili cha kwao, cha Mvita au cha Mwanza, na afahamike. Aidha, kwa kuwa kwetu nyumba hununuliwa na familia, kitoe muhtasari wa ukurasa mmoja unaoweza kutumwa kwa kaka aliye Mwanza na dada aliye Maskati, na muhtasari huo uwe na yale mambo matatu, dai, uthibitisho na kisichojulikana, kila moja mahali pake. Maana habari ikipokewa na mkono wa tatu bila ya mgawanyo huo, dai hugeuka kuwa hakika.

Mwisho ni majaribio. Wabunifu wengi hupima chombo kwa muda ambao mtu hukaa ndani yake na kwa idadi ya nyumba alizozitazama; vipimo hivyo vinamfaa mwenye matangazo. Kipimo cha haki ni kuwaita watu wa kila namna, mstaafu, mwalimu, mama lishe, kijana wa chuo, kuwaacha watafute nyumba wenyewe, kisha kuwauliza: katika nyumba uliyoichagua, ni jambo gani limethibitishwa, na ni lipi ulilosikia kwa muuzaji tu? Wakijibu sawasawa, chombo kimefaulu. Wakikosea, hata kama wamekisifu kwa uzuri wake, kirudishwe karakanani. Zihesabiwe pia safari za bure zilizoepukwa, na zihesabiwe, kwa heshima ileile, biashara zilizovunjika kwa sababu mnunuzi aligundua kasoro kabla ya kulipa.

Na hilo la mwisho ndilo litakalowapa taabu wenye chombo, kwa kuwa biashara iliyovunjika haileti ada. Waamue mapema, basi, kabla ya mwekezaji kuingia na kabla ya mapato kuanza kuhesabiwa, kwamba chombo chao kitamwambia mnunuzi ukweli hata pale ukweli unapomfanya aondoke bila kununua; waliandike neno hilo katika mkataba wa kampuni, na walitangaze kwa wateja wao. Kisha nawe mnunuzi, utakapokishika chombo cha namna hii mkononi, kitumie kwa furaha, kisikilize kwa makini, na kila kitakapokuambia kwamba jambo fulani halijulikani, lifuatilie mwenyewe kwa wakili, kwa mpima ardhi na kwa majirani, wala usitoe shilingi mpaka limejulikana.